Akili ya ndani inafundishwa vipi? Hesabu zinanikimbia nikishika kalamu

Binti Igawilo

Habari zenu wana jukwaa. Naomba msaada kwa yeyote aliyelifanyia kazi hili suala la akili ya ndani, asiwe amelisikia tu.

Mimi nauza mitumba Mwanjelwa, hapa Mbeya, hasa masweta na makoti ya watoto. Mwaka huu nimejisajili kurudia hesabu za kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, maana nataka kusoma uhasibu. Mwalimu wa twisheni anafundisha vizuri na nikimsikiliza naelewa. Shida inaanza nikibaki mwenyewe na daftari. Nikiona mlinganyo, hata ule mdogo wa kutafuta x, kifua kinabana, vidole vinapoa, sikumbuki hata nilichofundishwa jioni ile ile. Nafunga daftari, nashika simu, muda unapita.

Ilikotoka naijua. Darasa la tano tulikuwa tunaitwa ubaoni mmoja mmoja, ukikosa unachapwa hapo hapo mbele ya wenzako, na wenzako wanacheka. Kila siku ya hesabu nilikuwa naamka tumbo linauma.

Sasa kuna mtu kwenye kundi moja la simu anauza mafundisho ya kuipanga upya akili ya ndani. Anasema tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, zilizobaki zimelala mpaka uziamshe. Nililipa shilingi 20,000 nikatumiwa sauti ya kusikiliza nikiwa usingizini, inarudia "mimi ni mahiri wa hesabu, hesabu zinanipenda". Nimesikiliza, hali ni ile ile. Nilipomwambia akanijibu kwamba sina imani ya kutosha, nilipe 30,000 ya hatua ya pili.

Naomba kujua: hiyo akili ya ndani ipo kweli? Inafundishwaje? Na hiyo hela nitoe?

Chai ya Rungwe

Pole dada, ila usikate tamaa mapema. Mimi maneno yamenisaidia. Nilikuwa na hasira za karibu sana, nikaanza kujisemea kila alfajiri kabla sijaingia shambani kwamba leo nitakuwa mpole. Mke wangu ndiye aliyegundua kwanza kwamba nimebadilika. Endelea, taratibu itaingia.

Mtumishi Kyela

Binti yangu, hayo mambo ya sauti za usiku kuingia kwenye nafsi ya mtu aliyelala mimi yananitia hofu. Hujui huyo mtu ameweka nini humo ndani. Omba, soma, Mungu atakufungulia.

Mkufunzi wa Mafinga

Dada Igawilo, kamwene. Mtumishi, shikamoo, hoja yako nitaifikia.

Nimeendesha lori njia ya Dar kwenda Tunduma miaka mingi, sasa nafundisha udereva hapa Mafinga. Kwa hiyo hiyo akili unayoiulizia ndiyo ninayoifundisha kila siku, na kwa sababu hiyo nimeisoma kwa kiu. Nilitaka kujua ni nini kinachotokea kwenye miguu na mikono ya wanafunzi wangu.

Ipo. Ni zile kazi zote ubongo unazozifanya bila wewe kuzisimamia: kupumua, kumtambua mtu kwa mwendo wake akiwa bado mbali, kuogopa kabla hujajua unaogopa nini, kubadili gia. Pierre Janet wa Ufaransa alikuwa ameshaiandika mwaka 1889, na Sigmund Freud wa Vienna ndiye aliyekuja kuitangaza dunia nzima. Habari ya asilimia 10 ni uongo mtupu. Ubongo wote unafanya kazi, hata sasa unaposoma, hata usiku ukiwa umelala.

Nikueleze ninavyoiona mimi. Mwanafunzi mgeni nampeleka kwenye kilima kidogo, nasimamisha gari katikati ya mwinuko, namwambia aliondoe bila kurudi nyuma. Midomo inacheza: klachi, gia moja, mafuta kidogo, hendibreki. Anaacha kuangalia barabara, anaangalia miguu yake. Gari linatikisika, linazimika. Tunarudia. Wiki zinapita, tuko kilima kile kile, yeye ananisimulia habari za mdogo wake aliyeko Njombe. Katikati ya maneno mguu wa kushoto unapanda pole pole, mlio wa injini unazama kidogo, pua ya gari inainuka, na hapo hapo mkono unaachia hendibreki. Tumeondoka, na hadithi ya mdogo wake haijakatika. Nikimuuliza mguu ameupandisha kiasi gani hawezi kuniambia. Hapo najua imeingia.

Haikuingia kwa kuambiwa. Ningemrekodia "mimi ni dereva hodari" akalala nayo mwezi mzima, asubuhi gari lingezimika pale pale.

Kuna mgonjwa mmoja wa Marekani, Henry Molaison, alipasuliwa ubongo mwaka 1953 kwa ajili ya kifafa. Tangu siku hiyo hakuweza tena kutunza kumbukumbu mpya. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku mkono wake akiuona kwenye kioo tu. Jaribu nyumbani uone inavyosumbua, kalamu inakwenda kinyume na unavyotaka. Kila siku Molaison alisema kazi hiyo hajawahi kuiona. Na mkono wake ukazidi kuifanya vizuri siku hadi siku. Nimeifikiria sana habari hii, maana inaonyesha kwamba ujuzi wa mkono unatunzwa sehemu nyingine ya ubongo, na njia ya kufika huko ni kutenda.

Hofu nayo inajifunza vivyo hivyo, na hapa dada ndipo naomba usome taratibu. Daktari Édouard Claparède wa Geneva aliandika mwaka 1911 habari za mama mmoja aliyekuwa hakumbuki jambo hata likiwa limepita muda mfupi tu. Siku moja alimpa mkono wa salamu huku ameficha pini katikati ya vidole, ikamchoma. Mama akasahau tukio lote. Lakini daktari aliponyoosha mkono tena, mama aliurudisha wa kwake, bila kukumbuka kwamba amewahi kuchomwa. Wewe ulichomwa pini ubaoni darasa la tano. Kila ukiona x mwili unarudisha mkono. Anayekuambia huna imani anakukosea, kwa sababu mwili wako unafanya kile hasa ulichofundishwa.

Kuhusu sauti za kuuza: mwaka 1991 Anthony Greenwald na wenzake Marekani waliwapa watu kanda zenye maneno yaliyofichwa chini ya muziki, nyingine za kuongeza kumbukumbu, nyingine za kujiamini. Baadhi ya watu walibadilishiwa lebo bila kujua. Baada ya wiki kadhaa za kusikiliza, vipimo havikuonyesha faida ya kanda yenyewe. Ila wengi waliamini wamepata kile kilichoandikwa kwenye lebo! Biashara hii inaishi hapo.

Ndugu Chai ya Rungwe, sikupingi. Émile Coué, mfamasia wa Nancy kule Ufaransa, aliwafundisha watu kujisemea asubuhi na jioni kwamba wanazidi kuwa bora, na wako walioinuka. Lakini angalia ulichofanya wewe. Ulisema utakuwa mpole leo, halafu ukatoka ukaenda kuwa mpole na watu wa nyumbani. Kilichokufundisha ni huo upole uliotenda. Tena maneno makubwa yanaweza kumuumiza mtu ambaye moyo wake hauyakubali. Joanne Wood na wenzake wa Kanada waliliona hilo mwaka 2009: watu wanaojidharau, walipotakiwa kurudia sentensi ya kujisifu, walijisikia vibaya zaidi. Kila ukisema "mimi ni mahiri" kuna kitu ndani kinajibu "muongo".

Mtumishi, hapa hakuna roho inayoitwa. Kwaya yenu ikirudia sauti ya tatu mpaka itoke bila kuangalia karatasi, inaifundisha akili hii hii. Na dada anaweza kuanza kazi yake mara tu baada ya sala ya jioni, ni mahali pazuri sana pa kuanzia.

Sasa la kufanya. Jambo nitakalokusisitizia kuliko yote ni hili: usifunge daftari kifua kikiwa bado kimebana. Ukifunga, unapata nafuu saa ile ile, na ile nafuu inaifundisha akili ya ndani kwamba dawa ya hesabu ni kukimbia. Kesho itakubana mapema zaidi. Nina wanafunzi wanaoogopa mteremko wa Kitonga, na wana haki ya kuuogopa. Akianza kutetemeka simruhusu kushuka garini tukabadilishana viti. Tunaegesha mahali salama, taa za tahadhari zinawaka, tunakaa. Hatuongei sana. Pumzi ikishuka, anashusha gari mwenyewe kwa gia nzito, hata kama ni kipande kifupi tu. Nafuu yake aipate akiwa ameshika usukani.

Kwa hiyo chagua swali dogo kiasi kwamba hofu haiamki yote. Liandike. Kifua kikibana, weka kalamu chini, lakini kaa pale pale, pumua, toa hewa taratibu kuliko ulivyoivuta. Ukitulia andika mstari mmoja. Ukimaliza swali ndipo ufunge, ukiwa umetulia.

Binti Igawilo

Mkufunzi, asante sana. Hiyo ya pini nimeisoma kwa sauti hapa kibandani, jirani yangu wa viatu naye amesikiliza, akasema ndivyo anavyojisikia akiitwa benki.

Nina maswali mawili. Usiku wenyewe hauna kazi yoyote basi? Na hii inachukua muda gani? Mtihani ni Novemba.

Mkufunzi wa Mafinga

Usiku una kazi kubwa. Ukilala, ubongo unakaza yale uliyoyafanyia mazoezi mchana. Hesabu chache za mwisho, kisha kitandani moja kwa moja, simu ikae mbali. Sauti inayoongea usiku kucha inakupunguzia usingizi wenyewe, na ndio uliokuwa ukusaidie.

Muda: Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya ndogo, kama kunywa maji wakati wa chakula. Wastani wa tabia kuanza kwenda yenyewe ulikuwa siku 66, lakini wengine walitarajiwa kufika kwa siku 18 na wengine 254. Usishike ile 66 kama ahadi. Kilichonifurahisha mimi ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Kwa hiyo siku mvua ikikunyima, usijiadhibu, endelea kesho yake.

Na panga kwa tukio la kukukumbusha, si kwa nia tu. Peter Gollwitzer wa Ujerumani ameonyesha kwamba anayesema "likitokea hili nitafanya lile" anatekeleza kuliko anayesema "nitajitahidi". Kwako: nikishafunga kufuli la kibanda, kabla sijaenda stendi, nakaa kwenye kigoda na kufanya swali moja. Kigoda kile kile, daftari lile lile. Usisubiri ufike nyumbani, daladala ya Igawilo saa ile inakufikisha umechoka.

Mwalimu wa Ilula

Nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, na habari ya binti huyu imenigusa kwa sababu viboko vile nimeviona kwa macho yangu katika shule nyingi. Watoto wenye akili timamu kabisa walitoka pale wakiamini kwamba hawana kichwa cha hesabu.

Binti, nijibu kabla sijaendelea. Belo moja la masweta unanunua shilingi ngapi, na unajuaje bei ya kuuzia?

Binti Igawilo

Shikamoo mwalimu. Inategemea, ila tuseme belo la 350,000. Kubeba na ushuru 10,000. Linakuwa na masweta kama 150, humo 30 ni mabovu, hayo nayatupa chini nauza 1,000 kila moja. Nataka nibaki na faida ya 150,000. Basi yale mazuri 120 nisishuke chini ya 4,000. Naanzia 6,000 mteja akilia nashuka, ila kwenye 4,000 nagoma.

Hiyo naipata nikiwa bado nafungua belo, sihitaji karatasi.

Mwalimu wa Ilula

Marahaba. Sasa soma ulichokiandika. Hela unayotakiwa kukusanya yote ni 350,000 na 10,000 na 150,000, jumla 510,000. Mabovu yanakupa 30,000. Mazuri ni 120, bei ya moja huijui, tuiite x.

120x + 30,000 = 510,000

Toa 30,000 pande zote, inabaki 480,000. Gawa kwa 120. x ni 4,000.

Umeutatua mlinganyo huu umesimama, vumbi la belo usoni, wateja wanakuita. Akili yako ya ndani inajua kutafuta x zamani sana. Kinachoizuia ni sura ya karatasi.

Hili haliko kwako peke yako. Mwaka 1985 watafiti huko Recife, Brazil, Terezinha Carraher na wenzake, waliwafuatilia watoto 5 waliokuwa wanauza nazi na matunda mtaani. Walijifanya wateja, wakawa wanawauliza bei na chenji. Watoto walipatia asilimia 98 ya maswali. Baadaye wakawapa hesabu za namna hiyo hiyo, zimeandikwa kama za shule, namba tupu. Wakapatia 37. Vichwa vilikuwa ni vile vile. Nasikitika kwamba hapakuwa na mtu wa kutuonyesha hili tulipokuwa vijana kazini.

Kwa hiyo mpango wa Mkufunzi naukubali, naongeza la kwangu: kwa wiki za mwanzo usifungue kitabu. Kila ukifunga kibanda, chukua hesabu uliyoifanya kichwani siku hiyo, ya belo, ya deni, ya nauli, uiandike kwa x. Jibu unalo tayari, hivyo hofu haina pa kushika. Unayazoesha macho tu sura ya karatasi. Zikianza kutoka bila kifua kubana, geuza: andika namba za kitabu, halafu zitungie hadithi ya sokoni kabla hujazitatua. Mwishoni acha hadithi, baki na namba.

Na mwombe mwalimu wako wa twisheni akuachie chumba wenzako wakishatoka, uandike mlinganyo wa belo ubaoni mwenyewe, bila mtu. Ukizoea, alete rafiki mmoja akae nyuma. Ubao ndio uliokuumiza, usiuache bila kuushinda. Kama kifua kinakubana hata mbali na hesabu, usiku unaamka unatetemeka, usione aibu kwenda hospitali na kuomba kuonana na mshauri wa afya ya akili.

Chai ya Rungwe

Mwalimu, mimi nina mtoto darasa la sita anayelia akiona daftari la hesabu. Jioni hii namuuliza bei za parachichi. Tunauza pamoja, anazijua kuliko mimi.

Mwalimu wa Ilula

Fanya hivyo. Na usimsahihishe haraka akikosea, mwache arudie mwenyewe kwa kuhesabu hela mkononi.

Mtumishi Kyela

Nimefuatilia yote. Sina pingamizi tena, ila ile sauti ya usiku ifute.

Binti Igawilo

Nimeifuta, mchungaji. Na yule mtu nimemwandikia kwamba hatua ya pili siilipi. Amenijibu kwamba nitajuta, nikamwondoa kwenye simu.

Jana nilikaa kwenye kigoda baada ya kufunga. Niliandika deni la mama mmoja wa Soweto ya hapa Mbeya aliyechukua makoti matatu, akalipa nusu na akaahidi 2,500 kila wiki. Kilibana kidogo mwanzoni, nikaweka kalamu chini kama ulivyosema Mkufunzi, taa ya jirani ikawa bado inawaka. Nikamaliza. Jibu: atamaliza kulipa kwa wiki nne.

Mwalimu, nina swali. Ile milinganyo ya herufi mbili, x na y kwa pamoja, nianze lini? Ndiyo inayoniogopesha kuliko zote.

Mwalimu wa Ilula

Bado. Kwanza herufi moja itoke bila kusimama. Ukifika huko tutaanza na mteja aliyenunua sweta mbili na koti moja kwa 14,000, na mwenzake aliyechukua sweta moja na koti moja kwa 10,000, bei hazijapunguzwa. Usiandike chochote sasa hivi. Niambie tu, koti ni shilingi ngapi?

Binti Igawilo

6,000.

Mwalimu wa Ilula

Basi hiyo tumeshaianza. Weka daftari tayari, Jumamosi nitakuonyesha inavyoandikwa.